Thangari ya Baba Dorine

Nilipotolewa bandeji kwenye jicho la kulia, kitu cha kwanza nilichoona sawasawa kilikuwa vumbi. Sikuwa nimeona vumbi kwa miaka sita, labda saba. Niliona vumbi juu ya televisheni ya mtoto wangu Beth, nikaona uzi uliochomoka kwenye pazia, nikaona kwamba sofa niliyodhani ni ya kahawia ni ya zambarau iliyochoka. Mtu akishatolewa mtoto wa jicho huwa kama aliyehamia nyumba mpya. Anataka kufagia kila kona siku hiyo hiyo.

Nasema hivi ili ijulikane ni nini kilinifanya niharibu kitu cha wenyewe. Haikuwa roho mbaya. Lilikuwa ni jicho, na ile kazi niliyozoea.

Nilikuwa Ruiru, nyumbani kwa Beth, fleti ya ghorofa ya pili karibu na Kamakis. Kwangu ni Thika, upande wa Chania, ambako nina kipande cha shamba na kitalu cha miche. Nauza miche ya sukuma, kabeji na vitunguu. Kabla ya hapo nilifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye kitalu cha kahawa cha watu, kuchambua miche na kung'oa magugu kwa vidole. Beth ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake, Githae, tulimzika zamani. Kwa hivyo mlango wa Beth ukifungwa, hakuna mwingine ambao nitaenda kupiga hodi. Hilo ndilo lililokuwa likinikosesha raha pale sofani, kwa sababu mwenye nyumba, Boaz, mume wa Beth, hakuwa akikaa na mimi.

Salamu alikuwa akitoa. Asubuhi angesimama mlangoni, macho kwenye sakafu, aseme, "Habari ya asubuhi, Mama," nami niseme nzuri, Baba Dorine, kisha aende. Jioni hivyo hivyo. Hakuwahi kuketi sebuleni nikiwa hapo. Chakula kikiiva, mimi, Beth na mjukuu wangu Dorine tulikula mezani, na Boaz akala jikoni, amesimama, mgongo umetugeukia. Nilimsikia akitafuna polepole kama mtu anayeiba.

Na huyu ni mtu anayefanya kazi Thika. Kila siku ya kazi, kwa miaka kumi na moja, ameshuka kwenye stendi iliyo dakika kumi tu kutoka kwenye geti langu, akaingia kiwandani kwao kushughulika na mashine za nguo, akatoka, akapanda gari, akarudi. Hajawahi kukanyaga kwangu isipokuwa siku mbili: ya ruracio, walipoleta mahari, na ya mazishi ya Githae.

Beth aliniambia mara nyingi kwamba hiyo ni heshima, kwamba nyanya yake Boaz aliyemlea huko Siaya, upande wa ziwa, alimfundisha hivyo: mama mkwe humwangalii usoni, na hatakiwi kukuona ukitafuna. Mimi nilisikia kwa sikio moja. Nilidhani ni mke anayemfunikia mumewe. Sisi pia tuna heshima ya wakwe, lakini heshima yetu hukaa chini ikala. Na mimi nilijua kitu Boaz anachonikumbukia, maana nilikisema kwa mdomo wangu.

Siku ya ruracio nilikuwa nimepika siku mbili. Mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa, kuku, mbuzi wa kuchoma, chapati mpaka kwenye beseni. Kwetu mgeni akikataa chakula ameitukana nyumba, na akiwa mkwe ametukana mara mbili. Nilimpakulia Boaz mwenyewe, nikasimama mbele yake na mwiko mkononi, nikingoja aonje. Akaweka sahani magotini. Akainamisha kichwa, akaiangalia ile sahani. Nikangoja. Nikasema, na kila mtu akasikia, "Kama chakula chetu ni kichafu, basi arudi kwao akale samaki."

Wengine walicheka. Dada yake mkubwa, Apiyo, alichukua ile sahani magotini mwake akaifunika na nyingine. Boaz hakuinua kichwa.

Sasa tangi. Sebuleni, mbele ya ile sofa, kulikuwa na meza ndogo, na juu yake tangi la kioo, urefu kama kreti ya soda na kimo chini ya ndoo. Ndani mlikuwa na mchanga mweusi, jiwe moja lenye shingo kama mbuzi, na samaki kumi na mmoja wadogo kama misumari ya bati, kila mmoja na mstari wa buluu ubavuni. Nyuma kulikuwa na mimea mirefu, mingine ya majani mekundu, imesimama vizuri kama mahindi ya mtu anayejua kulima. Kando ya meza palikuwa na chupa ya soda yenye kitu cheupe kinachotoa mapovu, na mpira mwembamba kama wa hospitali ukitoka kwenye kifuniko kuingia majini. Nilinusa ile chupa siku ya pili. Sukari na hamira. Nikajiambia, haya, kumbe huyu anapika pombe, tena mbele yangu. Sikumwambia Beth. Niliweka tu moyoni pamoja na zile nyingine.

Wiki mbili za kwanza vitu vya karibu vilikuwa bado na ukungu, nikaliona tangi kama taa tu. Wiki ya tatu jicho lilifunguka kabisa, na siku ya Alhamisi, kama saa nne asubuhi, Beth akiwa kwenye duka lake la sare za shule na Dorine akiwa darasani, nilivuta kiti karibu nikaangalia kwa makini. Nikaona thangari.

Ambaye hajalima kwetu huenda asiijue thangari. Juu ni unyasi mwembamba, mpole, unaweza kuupenda. Chini ni kamba nyeupe inayotambaa, na kila baada ya upana wa kidole kamba ina kifundo, na kila kifundo hutoa mizizi yake na unyasi wake. Ukiikata kwa jembe umeipanda, maana kila kipande huwa shamba jipya. Inaingia kwenye kitanda cha miche kimyakimya, ukija kugundua imekula chakula chote. Kule kwenye kahawa, msimamizi akiikuta kwenye kitanda chako alikuwa anakutolea sauti mbele ya wenzako. Kwa hivyo mkono wangu unaijua bila kuuliza kichwa.

Na ilikuwa pale, mbele yote ya tangi, kuanzia kwenye kioo hadi chini ya jiwe, fupi kama nywele za mtu aliyenyolewa wiki iliyopita. Kupitia kioo, upande wa chini, niliona kamba zile nyeupe zikipita ndani ya mchanga mweusi. Juu yake kulikuwa na utelezi wa kijani, kama ule wa mawe ya mto, umeshikana na nyasi kama nywele chafu. Nikaona huyu mtu amepanda mazao mazuri nyuma halafu ameshindwa na magugu mbele. Labda hana wakati. Labda hajui. Nikaona pia, sitaficha, kwamba nikimpalilia atajua mimi si mtu wa maneno tu.

Daktari alinikataza mambo manne: kuinama sana, kubeba kitu kizito, moshi, na maji machafu. Nilikunja mikono ya sweta. Nikachukua uma jikoni. Nikainama.

Ile thangari ilitoka vizuri. Unaingiza uma chini ya kamba, unainua taratibu, unafuata mpaka mwisho bila kukata. Nilifanya kazi saa moja na nusu. Maji yaligeuka kama chai, samaki wakapanda juu kwenye kona, lakini nikajua yatatulia. Halafu nikafanya lile ambalo kila mtu aliyepigana na thangari hulifanya: nilibeba lundo lote hadi kwenye balkoni, nikaliweka juu ya gazeti, jua kali, likauke lisije likaota tena. Nikanawa mikono. Nikakaa nikiangalia ule mchanga mweusi, safi, na mazao nyuma. Nilijisikia vizuri kuliko siku zote nilizokaa katika ile nyumba.

Dorine alirudi shuleni saa kumi. Ana miaka tisa. Alisimama na mkoba mgongoni, mdomo wazi.

"Shosho," akasema, "umelima tangi ya daddy?"

Nikamwambia nimeondoa thangari yote. Akaweka mkono mdomoni. Akasema polepole, kama mtu anayemwambia mgonjwa, kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kapeti.

Beth alipofika alinieleza yaliyobaki. Zile ndefu za nyuma, alisema, ni pazia tu, mtu yeyote anaweza kuziotesha. Kazi ni ile fupi ya mbele. Boaz aliinunua Nairobi ikiwa kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Alipoipanda majani yote yalioza, watu wakamwambia aitupe, yeye akangoja, mizizi ikatoa majani mengine. Ilimchukua miezi saba kuifikisha kwenye kioo. Kazi ilikuwa imepunguzwa kiwandani wakati huo, siku nyingine alikuwa anakaa tu nyumbani, na ile nyasi ndiyo ilikuwa kitu chake. Ile chupa niliyoiona haikuwa ya pombe. Ilikuwa ya kutoa hewa ambayo nyasi inakula. Beth hakunipigia kelele. Alisema tu, "Mum, hata hungeuliza?" Nikamwambia ningemuuliza nani.

Boaz aliingia saa kumi na mbili na nusu. Alisimama mlangoni, akasema habari ya jioni, Mama, na kabla sijajibu nikaona macho yake yametoka sakafuni yakaenda kwenye tangi. Yalikaa pale. Halafu akaingia jikoni. Ukuta wa pale ni mwembamba. Nilikaza masikio nikingoja sauti ipande, na nilikuwa nimeshapanga cha kujibu.

Nikamsikia akimwambia Beth, "Muulize Mama kama maji iliingia kwa jicho."

Beth akaja akaniuliza. Nikasema hapana. Akarudi. Tena nikamsikia Boaz: "Muulize kama aliinama sana." Nikasema kidogo. "Mwambie daktari alikataa."

Basi. Hakuna lingine. Baadaye kidogo niliona viatu vyake kwenye mlango wa jikoni na ndoo ya maji safi kando, yale maji anayolaza siku nzima ili dawa ya mfereji itoke. Alisimama na ile ndoo. Samaki walikuwa juu wakihema. Mimi nilikuwa sofani, hatua mbili kutoka kwenye tangi. Boaz akasimama, akasimama, kisha akaweka ndoo chini akarudi jikoni. Nikajiambia, hata kupita karibu yangu hawezi. Ndiyo chuki hiyo.

Asubuhi nilikuwa nimefunga mfuko wangu. Nilimwambia Beth nitarudi Thika leo, siku ya kuonwa jicho nitatoka kule kule. Beth alikuwa akivaa viatu. Akaacha kimoja kikiwa mkononi.

Aliniuliza kama nilimwona Boaz na ndoo. Nikasema nilimwona. Akaniuliza kama najua kwa nini aliirudisha. Nikasema najua.

"Hujui," akasema Beth. "Ili abadilishe maji lazima apige magoti mbele yako akupe mgongo. Hawezi. Tangu ukalie hiyo sofa hajagusa tangi, Mum. Wiki tatu. Ule uchafu wa kijani ulikuja kwa sababu nyasi haijanyolewa."

Nikamwambia si angesema tu nihame kiti. Beth akasema kwao mama mkwe haambiwi ahame. Halafu akaniambia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kabisa, hata kwa sikio lile moja: kwamba kwa desturi aliyolelewa nayo Boaz, mama mkwe halali hata usiku mmoja chini ya paa la binti yake. Na kwamba Beth ndiye aliyekuwa amepanga kunitafutia mtu wa kunitunza kule Thika. Boaz ndiye aliyesema hapana, jicho ni jicho, alete Mama hapa.

Beth alipoondoka nilifungua droo ya ile meza. Kulikuwa na mkasi mdogo uliopinda na koleo nyembamba ndefu kama ya daktari, vimefungwa pamoja kwenye kitambaa safi cha meza. Vilikuwa vimekaa hapo, mbele ya magoti yangu, wiki tatu.

Nikafungua mfuko wangu nikatoa nguo zote. Kisha nikatoa kiti changu sebuleni nikakipeleka chumba cha Dorine, dirishani, nikaenda kwenye balkoni.

Lile lundo lilikuwa limekauka. Ya juu ilikuwa kama tumbaku. Ya katikati ilikuwa kama tumbaku. Lakini nilikuwa nimeirundika nene, kwa uvivu, na chini kabisa, pale gazeti lilipokunjamana likashika maji, kulikuwa na baridi. Nikachambua kwa kucha. Majani yalikuwa yamekufa, lakini hapa na pale kamba ilikuwa bado nyeupe na ngumu, na kwenye kifundo kulikuwa na kijicho cha kijani kidogo kuliko mbegu ya sukuma. Jicho langu la zamani lisingekiona. Niliviweka kwenye bakuli la maji, kimoja kimoja, hadi adhuhuri. Vilikuwa sitini na vitatu.

Jioni hiyo Boaz alikuta sebule tupu. Nikiwa chumbani nilisikia ndoo, nikasikia maji yakimwagwa taratibu, nikamsikia akiwasemesha samaki kwa lugha yake. Hakuna aliyekufa.

Jumamosi anafanya kazi nusu siku. Nilimwambia Beth amwambie kwamba nataka tuongee habari ya thangari. Na kwa sababu nilijua hatanipa mgongo wala hatanitazama usoni, niliomba ile meza ivutwe kutoka ukutani hadi katikati ya chumba, yeye akae upande mmoja, mimi upande wa pili, tangi liwe katikati. Beth alisema tutaonekana kama mfungwa na mgeni wake. Dorine akauliza nani ndiye mfungwa.

Boaz aliketi. Ni mara ya kwanza niliona uso wake wote. Niliuona kupitia majini, umepanuka kidogo, pua kubwa, samaki wakipita mbele ya mashavu. Nadhani naye aliniona hivyo hivyo. Pengine ndiyo maana hakuyashusha macho. Hakuwa anamwangalia mama mkwe. Alikuwa anaangalia tangi lake.

Nilisukuma bakuli upande wake. Alihesabu kwa macho, nikaona midomo ikisogea. Kisha akachukua koleo, akaanza kukusanya vifundo vitanovitano ili avipande kwa pamoja, kila fungu kama kidole gumba. Aliniambia, sauti chini, kwamba ndivyo alivyofanya mara ya kwanza.

"Baba Dorine," nikasema, "wewe uliipanda kama sukuma. Ndiyo maana ikachukua miezi saba. Ikatekate. Kila kifundo kikae peke yake, upana wa kidole kutoka kwa mwenzake."

"Itakufa, Mama."

"Nimejaribu kuiua miaka arobaini."

Nikaona mashavu yamesogea kule nyuma ya samaki. Akachukua mkasi.

Tulifanya kazi mchana wote. Alikamata kifundo kwa ile koleo, akakiingiza mchangani kwa kukilaza, akakisukuma ndani mpaka ikabaki ncha tu, kisha akatoa koleo taratibu kisifuatane nayo. Vingine vilielea. Alivifuata, akavirudisha. Mimi kwa upande wangu nilimwongoza: sogea kushoto, hapo umebananisha, hapo umeacha njia ya mbuzi. Niliona kila kitu. Aliniuliza kuhusu vitalu vya kahawa, nami nikamweleza jinsi tulivyokuwa tukipima kwa kijiti. Yeye akanieleza habari ya mwanga, kwamba taa huwashwa kwa muda wa saa saba tu kila siku, ikizidi utelezi unarudi. Akasema nyasi hii ikinyolewa fupi inaacha kupanda juu inakwenda pembeni. Nikamwambia najua, ndivyo ng'ombe wanavyoisaidia. Kisha nikamwuliza habari ya ile chupa, nikakiri nilichofikiria.

Aliweka koleo chini. "Mama, wiki tatu ulifikiri napika pombe mbele ya mama mkwe?" Akacheka hadi maji yakatikisika. Beth alichungulia kutoka jikoni, akarudisha kichwa.

Vilipobaki kama kumi hivi, niliona nikinyamaza hapo nitanyamaza milele. Nilikuwa nimelirudia moyoni lile neno la ruracio usiku baada ya usiku, na kila mara nilikuwa na sababu yangu. Sasa sababu ilikuwa imekwisha.

"Siku ile ya ruracio," nikasema, "nilisimama mbele yako na mwiko. Nilikuwa nakunyima nafasi ya kula, halafu nikakutukana kwa kutokula. Lile neno la samaki nalirudisha. Lilikuwa neno baya, na sikuwa nimeelewa."

Alipanda kifundo kimoja, chini ya jiwe, mahali pagumu, na hakikuelea.

"Mama," akasema, "siku hiyo nilikuwa na njaa sana."

Akachukua kifundo kingine.

"Hatukuwa tumekula tangu usiku. Niliona ule mukimo. Niliona mvuke. Nilikuwa naomba tu uende jikoni kidogo, hata dakika mbili. Tulipotoka, Apiyo alinifungulia ile sahani kwa gari. Ilikuwa imepoa. Nilikula yote kabla hatujafika daraja."

Kumbe ile sahani iliyofunikwa ililiwa. Miaka yote nilidhani imekwenda kumwagwa. Jicho lililofanyiwa kazi lilikuwa limejaa maji, na daktari alikuwa amesema nisilisugue. Nikaliacha litoke. Kule upande wa pili alikuwa ameinamisha kichwa akitafuta kifundo cha mwisho, akakitafuta muda mrefu zaidi ya ilivyohitajika.

Wiki iliyofuata zile ncha ziligeuka kahawia. Beth hakusema neno. Dorine alisema. Boaz alisimama mlangoni asubuhi, salamu kama kawaida, kisha akaongeza, sakafuni, "Mama, naona imekufa." Nikamwambia hiyo ni nguo inavua. Niliendelea kukaa chumba cha Dorine mchana, na kila jioni nikisikia Boaz amemaliza nilikwenda kuchungulia na jicho langu. Siku ya kumi na mbili, chini kabisa ya kioo cha mbele, niliona kamba nyeupe, nyembamba kama uzi wa kushonea. Ilikuwa imetoka kwenye kifundo kimoja, imepita kando ya mchanga, na mwisho wake ilikuwa inainua kichwa cha kijani. Sikumwita mtu. Nilikwenda kuketi. Boaz mwenyewe aliikuta, nikamsikia akimwita Beth, kisha hatua zake zikaja hadi nje ya mlango wangu, akabisha kwenye fremu. Akasema, bila kuingia, "Mama, imeshika."

Nilipoonwa jicho nikarudi Thika, ule mchanga ulikuwa umetapakaa vichwa vya kijani kama kitalu baada ya mvua ya kwanza. Boaz alianza kunipigia simu mwenyewe. Simu haina uso, na hapo anaongea vizuri sana. Aliniambia imefika kwenye jiwe. Aliniambia imefika kwenye kioo, miezi mitatu tu. Nikamwambia usiniringie, mimi ndiye nilikupa jembe.

Ijumaa moja saa kumi alasiri nilikuwa kibandani, naloweka trei za miche, nikasikia hodi kwenye geti. Sauti ilikuwa ya Boaz, nami sikuamini kwamba inatoka getini kwangu. Boaz alikuwa amesimama nje na nguo za kazi, ameshika mtungi wa jemu uliojaa maji. Alikuwa ameinyoa ile kapeti, akaniletea vipande. Nikafungua geti. Hakuingia nyumbani. Aliingia kibandani, akaweka mtungi juu ya meza ya miche, kati ya kabeji na vitunguu, akaugeuza mpaka mwanga ukaupata vizuri. Thangari, mahali ambapo nimekataza thangari tangu Beth akiwa mgongoni.

Nilikuwa na mukimo mekoni. Nilipakua sahani nzima, nikaiweka juu ya kigoda kando ya mtungi, kijiko juu yake, nikaifunika na sahani nyingine. Yeye alikuwa anaangalia miche.

"Baba Dorine," nikasema, "nina kazi ndani. Ni ya nusu saa."

Niliingia, nikafunga mlango, nikavuta pazia. Jicho langu linaona sasa hata mguu wa siafu, na kati ya mlango na fremu kuna ufa unaotosha. Nikageuza kiti, nikaketi nikitazama ukuta. Kwa muda hakukuwa na kitu, sauti ya kuku tu. Kisha nikasikia sahani ya juu ikiondolewa, na baada yake kijiko.

Nilipotoka alikuwa ameshaenda kupanda gari. Sahani zote mbili zilikuwa zimeoshwa kwenye mfereji wa miche na kupinduliwa juu ya kigoda, zikidondosha maji.